Jumbo na walakini wake

Kundi letu la ukoo la WhatsApp huwa na chemsha bongo kila Ijumaa usiku. Juzi zamu ilikuwa ya binamu yangu anayeishi Marekani, akatumwagia maswali ya huko. Nani alisimamia uchongaji wa nyuso za marais kwenye mlima Rushmore? Kituo gani cha redio cha Pittsburgh kilitangaza matokeo ya uchaguzi wa rais mwaka 1920? Na ndovu gani wa sarakasi ana jina la Kiswahili? Borglum, KDKA, Jumbo. Hilo la mwisho ndilo lililozua vifijo. Jambo! Lugha yetu hiyo! Nikaandika kwamba jibu lina walakini, nikaambiwa nimeanza ujuaji wangu.

Basi nijitetee hapa, ambapo hakuna wa kunikatiza.

Nakubali kwamba sikio linashawishika. Nyumba ikikua huwa jumba, nyoka akikua huwa joka, kwa hiyo Jumbo nalo linasikika kama ukubwa wa kitu. Wapo wanaosema limetoka kwenye jambo, wengine jumbe. Lakini yule ndovu hakuzaliwa kwa Waswahili. Alikamatwa akiwa mtoto, mwanzoni mwa miaka ya 1860, maeneo ya mpakani mwa Sudan na Eritrea ya leo, na wawindaji waliomuua mama yake. Akasafirishwa hadi Ulaya, akawekwa Paris, kisha mwaka 1865 akapelekwa kwenye bustani ya wanyama ya London. Waingereza nao walikuwa na neno jumbo kwenye kamusi yao ya lugha ya mitaani tangu 1823, maana yake mtu mzitomzito asiye na wepesi. Hiyo ni miaka zaidi ya 40 kabla hajawafikia.

London alibeba watoto mgongoni kwa miaka mingi. Mtunzaji wake, Matthew Scott, alimzoesha pombe. (Kwa Kiswahili hapo ndipo pa kucheka: tembo kunywa tembo.) Mwaka 1882 P. T. Barnum, mwenye sarakasi, akamnunua kwa dola 10,000. Waingereza wakalalamika, watoto wa shule wakamwandikia Malkia Victoria, lakini meli ikaondoka naye.

Kisha kuna kisa cha daraja. Daraja la Brooklyn, huko New York, lilifunguliwa Mei 24, 1883. Siku 6 baadaye watu waliokuwa wakipita juu yake walishikwa na hofu, wakakanyagana, wakafa 12. Mwaka uliofuata, Mei 17, Barnum akavusha ndovu 21 pamoja na ngamia, Jumbo akiwemo, kuonyesha kwamba daraja ni imara. Wahandisi walikuwa na hesabu zao, lakini mitaani kilichosema ni uzito wa ndovu. Barnum akapata tangazo la bure mbele ya jiji zima. Ujanja wa aina hiyo siupendi, ila siwezi kusema hakujua kazi yake.

Septemba 15, 1885, Jumbo aligongwa na treni mjini St. Thomas, Kanada, akafa. Barnum akaeneza hadithi kwamba ndovu huyo alijitoa mhanga ili kumwokoa mwenzake mdogo aliyeitwa Tom Thumb. Halafu ngozi ikajazwa, mifupa ikaunganishwa, vyote viwili vikazungushwa kwenye maonyesho. Hata ndovu jike aitwaye Alice akaletwa kutoka London na kutembezwa kama mjane. Kufa kufaana, lakini huku kulipita kiasi.

Ngozi iliishia Chuo Kikuu cha Tufts, ikaungua kwa moto mwaka 1975. Majivu yaliyookolewa yakatiwa kwenye kopo la siagi ya karanga, na wanamichezo wa chuo huligusa kutafuta bahati kabla ya mechi. Mifupa ilikwenda kwenye makumbusho ya viumbe ya New York. Waliokuja kuichunguza waliona meno yaliyoharibika kwa sababu ya chakula laini ambacho ndovu wa porini hali.

Ndiyo maana vile vifijo vya kundini vilinikera. Barnum alimgeuza tangazo akiwa hai, akamgeuza tangazo akiwa maiti, na sisi tumemchukua ili tujisifie neno ambalo huenda hata si letu. Hakuna aliyeuliza alitoka wapi wala mama yake aliishia vipi, ingawa habari hizo zipo na ndizo zenye kitu cha kujifunza. Kama tunataka kujivunia Kiswahili huko nje, lipo neno “safari”. Neno hilo limo kwenye kamusi za Kiingereza, na asili yake haina ubishi.

Binamu alinipa nusu alama. Nimemwambia Ijumaa ijayo zamu ni yangu, na swali la kwanza litahusu Suakin, bandari ya Sudan alikopitishwa Jumbo kwenda Ulaya.