Dogo wa miaka 14 na raga ya kulipwa: aende sasa au asubiri?

Jumamosi tukiwa tunakusanya koni baada ya mazoezi, baba wa dogo mmoja tunayemfundisha raga hapa Dodoma alinivuta pembeni. Kuna mtu kampigia simu kutoka Nairobi, anasema ipo shule itamchukua kijana, raga ndo italipa ada, na akishakomaa atatafutiwa timu ya kulipwa nje. Dogo ana miaka 14, yuko form two. Mzee akaniuliza, mwalimu, nimruhusu? Sikumjibu palepale, na toka siku hiyo nimeligeuza hili swali kila upande.

Wanaosema aende wana hoja nzito jamani. Siya Kolisi alizaliwa Zwide kule Port Elizabeth, nyumbani kuna siku chakula hakuna, akapata skolashipu ya shule za Grey akiwa na miaka 12 hivi, na huyo ndo nahodha aliyebeba Kombe la Dunia na Afrika Kusini 2019 na tena 2023. Angebaki mtaani kusubiri akue, nani angemwona? Na Kenya siyo watu wa kubeza, hao ndo walimfunga Fiji 30-7 kwenye fainali ya raga ya wachezaji saba Singapore 2016, na sekondari zao zina raga ya kweli, yenye makocha na ushindani. Sisi huku raga ukiitafuta utaikuta zaidi Arusha na Dar, Dodoma tuko wachache na mipira yetu minne, na dogo akitaka kutokea kwenye UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, ni soka, wavu, riadha na kadhalika.

Halafu kuna ufundi. Kumkaba mtu, kichwa kikae upande gani, bega ligonge wapi, kuanguka bila kunyoosha mkono, hivi vinaingia mwilini ukiwa bado mdogo. Mtu anayekuja kujifunza na miaka 20, ana kilo 90 na anayemkaba ana 100, akikosea ni bega au shingo.

Ila sasa tuulizane, huyu dogo kaonekana kwa lipi? Nimemfundisha mwaka na kitu, nampenda, na nasema ukweli: kaonekana kwa sababu kabalehe kabla ya wenzake. Form two zetu mnazijua, darasa moja kuna wa miaka 13 na wa 16 kwa sababu wengine walichelewa kuanza la kwanza. Yeye akishika mpira anapita katikati ya watu kama trekta kwenye shamba la mtama, basi hana haja ya kupiga pasi wala kukwepa, na asichokihitaji leo hajifunzi. Wenzake wakimfikia kimo wakiwa na 17 au 18 atabaki na nini? Na kuna mwenzake mdogo mdogo, kilo 38 hivi, ana macho ya ajabu, anaona nafasi kabla haijafunguka, huyo hakuna aliyempigia simu baba yake. New Zealand hili wanalijua siku nyingi, ndo maana sehemu kama Auckland wanapanga watoto kwa kilo pia, siyo umri peke yake.

Huku kanda ya kati tuna mfano wetu kabisa wa mtu aliyefika kileleni kwa kusubiri. Alphonce Simbu, mtoto wa Ikungi, Singida, alikuwa wa tano kwenye marathoni ya Olimpiki Rio 2016, akachukua shaba ya dunia London 2017, halafu dhahabu ya dunia Tokyo 2025 akiwa na miaka 33. Najua marathoni siyo raga, kwenye raga miaka 33 wengi wanaelekea kustaafu. Lakini hata raga ya wachezaji saba ina waliochelewa wakafika, Carlin Isles wa Marekani alitoka kwenye mbio fupi akaanza raga 2012 akiwa na miaka 22, na kasi yake ikawa gumzo duniani.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni mwili wenyewe. Sheria za raga zenyewe zinakubali kijana siyo mtu mzima, chini ya miaka 19 kwenye skramu, pale washambuliaji wa timu mbili wanapofungamana na kusukumana kugombea mpira, hamruhusiwi kusukuma zaidi ya mita 1.5. Steve Thompson alibeba Kombe la Dunia na Uingereza 2003, mwaka 2020 akasema ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na ile fainali haikumbuki. Sasa mtoto ambaye ada yake inalipwa na raga, akigongwa kichwa siku ya Jumatano, Jumamosi atathubutu kumwambia kocha bado anasikia kizunguzungu? Hapo ndo naona hatari, kwa sababu kunyamaza ndo ada yake.

Na hiyo kazi ya kulipwa tunayoahidiwa haina uhakika tunaoufikiria. Worcester na Wasps, klabu kubwa za Uingereza, zilianguka kwa madeni 2022, London Irish ikafuata 2023, wachezaji wazima na familia zao wakajikuta hawana mshahara. Dogo aliyekatiza form two akarudi na goti bovu, akute mtaala wa kwao siyo wa kwetu, anaanzia wapi?

Mimi nimeegemea upande wa kusubiri, ila kusubiri kwa kukaa tu ni kumtupa mtoto, hapo wale wa upande wa pili wako sahihi kabisa. Uwanja wetu kiangazi unakuwa mgumu kama sakafu, kwa hiyo tunacheza raga ya kugusana tu bila kuangushana, na tumefanya hivyo mpaka tumezoea uvivu. Mvua yetu ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, hiyo miezi ndo ya kufundisha kukaba na kuanguka, kwa magoti kwanza, halafu kwa kutembea, kabla hawajakimbia.

Mzee nilimpigia jana usiku. Nikamwambia amalize form four hapa, hiyo shule kama kweli inamtaka itamtaka na akiwa na 17, na wakimpigia tena awaulize swali moja: dogo akivunjika mguu mwaka wa kwanza, ada nani analipa? Akasema atauliza. Desemba nitakuwa naye uwanjani, pamoja na yule wa kilo 38.