Nenda Dirisha la Pili

Jana nimeamka vizuri, nikanywa chai na maandazi mawili, nikakaa mbele ya kompyuta yangu ya Linux. Programu ikanigomea: kosa namba 2. Hakuna maelezo, hakuna pole. Mbili tu, kama tiketi ya foleni ya benki.

Nikajua namba hiyo ina jina lake mahali, maana waandika programu hawaiachi namba itembee uchi, huivalisha konstanti, yaani jina maalumu la herufi kubwa linalosimama badala ya namba. Nikajisemea, rahisi! Namba za makosa kwenye Linux huitwa errno, basi faili lenye orodha yake ni errno.h.

Nikafungua /usr/include/errno.h. Namba za makosa hamna hata moja. Ananielekeza kwa bits/errno.h. Huyo naye ananitazama kama karani anayewaza chakula cha mchana: mambo hayo muulize linux/errno.h. Nako nimekuta mstari mmoja. Mmoja, jamani! Faili zima limeajiriwa kusema "nenda asm/errno.h". Na asm/errno.h, mstari mmoja vilevile: "nenda asm-generic/errno.h". Wote wanaitwa errno.h! Ni sawa na kufika Kariakoo ukaulizia duka la Juma.

Kwa asm-generic nikaona namba, nikapiga makofi. Sasa angalia vituko: zinaanzia 35. Mimi kosa langu ni 2! Wadogo wote, kuanzia 1 mpaka 34, wamehamishiwa errno-base.h. Nikashusha pumzi, nikaenda.

Nikamkuta: ENOENT, 2. Maana yake, hakuna faili wala folda ya namna hiyo.

Yaani nimepekua mafaili sita ili niambiwe faili halipo.

Dogo aliyekuja field alikuwa nyuma yangu muda wote, kimya, anakula karanga. "Kaka, si ungeandika tu errno 2?" Akainama, akaandika, akabonyeza Enter. Jina, namba na maelezo, vyote kwenye mstari mmoja. Ile programu ndogo imo humu kwenye mashine yangu, niliisakinisha mwenyewe mwaka jana nikaisahau.

"Sasa tutafute faili lenyewe lililopotea," akasema, akaanza kuchungulia folda yangu. Tukalikuta. Halikupotea, nililibadilisha jina juzi usiku: mipangilio_mpya_HII_NDIYO_mwisho2.

"Nani kalipa jina hili?"

Nikampa elfu mbili akanunue chapati.