Farasi si ng'ombe, na dawa ya ng'ombe inamuua

Gilgil wakati wa polo, mchezo wa mpira unaochezwa juu ya farasi, utaona farasi wanaong'aa manyoya, kwato zimechongwa na kuvishwa viatu vya chuma, meno yamekaguliwa, na daktari wao ametoka Nairobi na gari lililojaa vifaa. Kutoka hapo hadi Njoro, Bahati au mitaa ya pembeni ya Nakuru si mbali. Huku nako kuna farasi, wale wanaobeba watoto siku za sikukuu, na kuna punda wengi zaidi wanaovuta mikokoteni ya maji na viazi. Daktari wao ni yule yule anayemzalisha ng'ombe wa maziwa, na dawa zao zinatoka duka lile lile linalouza chakula cha vifaranga.

Sina ugomvi na wenye farasi wa polo. Wanafanya kila mfugaji anachopaswa kufanya. Kinachoniuma ni kwamba huduma ya mifugo kwetu, kuanzia Nakuru, ukivuka Mau mpaka Kericho, Kisumu na Kakamega, imejengwa juu ya ng'ombe. Sababu yake naielewa, maana maziwa ndiyo yanayolipa karo. Lakini farasi akiugua hutibiwa kwa mazoea ya ng'ombe, na mara nyingi kinachommaliza ni yale matibabu.

Chukua mfano wa kupe. Ingia agroveti yoyote uulize dawa ya kuogesha, na kuna uwezekano mkubwa utauziwa amitrazi. Kwa ng'ombe ni dawa nzuri, imeokoa mifugo mingi dhidi ya ndigana kali. Kwa farasi, amitrazi huzuia utumbo kufanya kazi. Kinyesi kinakauka na kukwama katika utumbo mpana, mnyama anasinzia, anayumba, anaacha kula, kisha anaanza kuugua tumbo vibaya. Punda naye hayuko salama. Mwenyewe alichofanya ni kutumia dawa iliyobaki kwenye pampu baada ya kuwaogesha ng'ombe, na hata hatakumbuka kulitaja hilo daktari akifika. Zipo dawa za kupe za kundi la pairethroidi ambazo farasi huzivumilia vizuri zaidi. Muuzaji akiuliza tu, "Ni ya mnyama gani?", maisha yanaokolewa.

La chakula ni baya zaidi. Baadhi ya vyakula vya kuku na vya ng'ombe hutiwa monensini, dawa ya kuzuia koksidiosisi (ugonjwa wa kuhara) kwa kuku na kumsaidia ng'ombe anufaike zaidi na malisho yake. Farasi huweza kuuawa na miligramu 2 hadi 3 za monensini kwa kila kilo ya uzito wake. Ng'ombe huhitaji kiasi kama mara 10 ya hicho, au zaidi, ndipo afe. Sumu hiyo hushambulia misuli ya moyo, haina dawa ya kuifuta, na farasi anayepona anaweza kubaki na moyo ulioharibika, siku moja akaanguka akiwa amembeba mtoto wa watu. Kwa hiyo anayesema "nampa tu makombo ya chakula cha kuku, hayana neno" anacheza na roho ya mnyama wake, na si ya mnyama peke yake.

Nilimwona farasi jike mmoja upande wa Njoro akifa kwa namna ambayo haikuwa lazima. Alikuwa akigaragara, anachimba ardhi kwa kwato, anageuka kila mara kutazama ubavu wake, jasho linamtiririka. Hayo yote ni maumivu ya tumbo, ugonjwa ambao kila mfuga farasi duniani anauogopa. Nilipofika nikamuuliza mwenyewe, "Mzee, amepewa nini?" Akanijibu, "Tumemnywesha mafuta ya kupikia, lita nzima, kama ng'ombe aliyejaa gesi." Walikuwa wamemwinua kichwa na kummiminia kwa chupa. Alikuwa ameshaanza kukohoa. Mafuta yalikuwa yameingia mapafuni.

Mzee yule alimpenda mnyama wake. Alilala naye zizini usiku kucha. Alifanya alichofundishwa, na alichofundishwa kilihusu mnyama mwingine kabisa. Ng'ombe ana tumbo la kwanza linaloweza kubeba zaidi ya lita 100, hucheua, hubeua gesi, na akizidiwa hutobolewa ubavu wa kushoto ikatoka. Tumbo la farasi ni dogo, lita 8 hadi 15 hivi, na hawezi kutapika. Likijaa gesi au maji bila kupata njia, hupasuka. Anachohitaji ni mpira mwembamba unaopitishwa puani mpaka tumboni ili kutoa kilichojaa, dawa ya maumivu, na mtu anayejua kusikiliza utumbo pande zote mbili. Mafuta maalumu yakihitajika, hupitia kwenye mpira huo huo, baada ya daktari kuhakikisha umeingia tumboni wala si mapafuni. Nauliza: ni madaktari wangapi wa wadi zetu wenye mpira huo kwenye pikipiki zao?

Siwalaumu madaktari hao. Tangu ugatuzi wa 2013 huduma za mifugo ziko chini ya kaunti, na mtu mmoja hubebeshwa eneo ambalo hata lori lingelemewa nalo. Lakini mazoea yana madhara yake. Dawa ya kutuliza iitwayo zailazini ni mfano mzuri: ng'ombe hutosheka na takriban sehemu ya kumi ya dozi ya farasi. Aliyezoea ng'ombe atampa farasi kidogo mno, farasi hatatulia, atapiga teke, kisha kijiji kizima kitasema ni mkorofi. Akifanya kinyume chake, akampa ng'ombe dozi ya farasi, anaweza kumuua.

Kuna na chanjo. Kampeni za ugonjwa wa miguu na midomo zikija, farasi na punda huachwa, na ni sawa kwa sababu hawaugui ugonjwa huo. Kosa ni kwamba hakuna siku nyingine inayopangwa kwa ajili yao. Pepopunda humkamata farasi kwa urahisi kuliko karibu mfugo mwingine yeyote; msumari mmoja wa barabarani ukiingia kwatoni unatosha. Kichaa cha mbwa pia kinamuua. Na sisi wa Bonde la Ufa tuna hatari ya ziada: virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika hubebwa na usubi wanaouma kuanzia jioni hadi alfajiri, hasa baada ya mvua, na pundamilia hukaa navyo bila kuugua. Pundamilia tunao katika hifadhi za Ziwa Nakuru, Soysambu na Hell's Gate. Farasi asiyechanjwa anayelala nje maeneo hayo yuko hatarini, na akipata aina kali, wengi hawaponi.

Njoro kuna Chuo Kikuu cha Egerton chenye kitivo cha udaktari wa mifugo. Kaunti ya Nakuru iko nacho mlango kwa mlango. Ningependa kuona kliniki ya farasi na punda siku za soko, Njoro, Molo, Naivasha, wanafunzi wakichonga kwato na kusawazisha meno chini ya walimu wao, na chanjo ya pepopunda ikiwa kwenye barafu. Punda wa nchi hii walishuka kutoka takriban milioni 1.8 katika sensa ya 2009 hadi takriban milioni 1.2 mwaka 2019, biashara ya ngozi ikiwa imewamaliza wengi, na machinjio mojawapo ilikuwa hapa hapa Naivasha. Waliobaki wanastahili daktari anayewajua.

Wewe uliye na farasi au punda, jifunze kumhesabia mapigo ya moyo akiwa mzima. Farasi mkubwa aliyetulia huwa na 28 hadi 44 kwa dakika. Yakipita 60 na anaonyesha maumivu, piga simu wakati huo huo, usingoje asubuhi. Punda haonyeshi maumivu kama farasi, kwa hiyo punda aliyesimama tu kichwa chini na kukataa chakula tayari ni mgonjwa sana. Ondoa chakula kwa farasi mwenye maumivu ya tumbo, mtembeze polepole kama anaweza, usimmiminie chochote mdomoni. Daktari akipokea simu, mwambie mnyama alikula nini jana, na mara ya mwisho aliogeshwa kwa dawa gani.