Mwenye fedha kidogo naye anastahili udi unaopigika

Kila kijana wa mwambao anapouliza anunue udi gani, yaani ile ala ya nyuzi ya taarab, jibu analopewa na wajuzi ni lile lile: asubiri mpaka apate fedha za udi uliotengenezwa na fundi mashuhuri wa Cairo au Istanbul, kwa sababu udi wa bei ndogo ni fedha iliyotupwa baharini. Nimelisikia jibu hilo tena juzi, kutoka kwa mtu mzima ninayemheshimu, akimwambia msichana aliyemaliza shule ambaye haja yake yote ni kupiga nyimbo za zamani barazani kwao baada ya sala ya isha. Msichana yule hakutaja jukwaa wala hakusema kwamba anataka kurekodi. Aliitikia "Ahsante, mwalimu," akaenda zake, na sidhani kama atauliza tena. Jambo hilo limeniuma, na limeniuma zaidi kwa sababu ushauri wenyewe una nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayoufanya uaminike.

Taarab haikufikishwa hapa ilipo na watu wa jukwaani peke yao. Wanachama wa Nadi Ikhwan Safaa, klabu iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, na wale wa Culture Musical Club iliyoanza mwaka 1958, kwa sehemu kubwa wamekuwa watu wenye kazi zao za mchana, wanaokutana jioni kwa sababu wanaupenda muziki. Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri, aliimba pia nyumbani kwake Ng'ambo usiku, na watu wa mtaani wakaja kusikiliza. Muziki wa nyumbani ndio udongo ambao muziki wa jukwaani umeota. Sasa kinanda cha umeme kimechukua nafasi ya ala nyingi katika taarab ya kisasa, na wapigaji wa udi tulio nao hawatoshi. Kumwambia anayeanza kwamba asianze mpaka awe na fedha za kitajiri ni kuufunga mlango ambao tulipaswa kuusukuma wazi kwa mikono miwili.

Nusu ya ukweli ni hii: sokoni kumejaa udi usiopigika, nao kwa kawaida ndio unaovutia macho kuliko wote. Kijana mmoja wa jirani yetu aliletewa na ami yake, kutoka Muscat, udi uliopambwa kwa chaza kuanzia kichwani hadi kwenye daraja, kile kibao nyuzi zinapofungwa, na nyumba nzima ikaja kuutazama. Nyuzi zilikuwa juu sana ya shingo kiasi kwamba alihitaji nguvu za vidole vyote kuukandamiza mmoja, na vigingi vya kukazia nyuzi vilirudi nyuma kila alipoviachia. Mwalimu wake wa kwanza alimwambia kwamba hana sikio. Alikuwa na sikio zuri kabisa. Sikio lake ndilo lililokuwa likimwambia kwamba kinachotoka pale si sauti aliyoitaka. Alijiona yeye ndiye mwenye kasoro, akaacha, na udi ule mpaka leo umetundikwa ukutani sebuleni kwao kama pambo. Kwa hiyo sisemi kwamba kila udi wa bei ndogo unafaa. Ninasema kwamba unaofaa upo, na kwamba kuuchagua ni elimu inayoweza kufundishwa kwa mchana mmoja, ambayo wajuzi wetu wangeweza kuitoa badala ya kuwafukuza watu.

Jambo la kwanza, ambalo kwangu lina uzito kuliko mengine yote yakiwekwa pamoja, ni umbali kati ya nyuzi na shingo pale shingo inapokutana na tumbo la udi. Ukiwa na rula ndogo, pima hapo. Milimita 3 hivi ni kipimo kizuri, na chini kidogo ni bora zaidi. Ikipita 4 mkono wa anayeanza utaumia na sauti itapotoka. Sababu ya kusisitiza kipimo hiki ni kwamba kosa lake halirekebishiki kwa urahisi. Gitaa lina kipande cha mfupa kilichopachikwa juu ya daraja, na fundi yeyote anaweza kukitoa, akakisugua kwa msasa, akakirudisha na nyuzi zikashuka. Udi hauna kipande hicho. Nyuzi zimefungwa moja kwa moja kwenye daraja, na daraja limegundishwa juu ya uso wa mbao nyembamba, mara nyingi ya sprusi, wenye unene wa milimita 2 hivi. Unaweza kuchimba kidogo kile kipande cha mfupa kilicho upande wa kichwani ambamo nyuzi hupita, na kitasaidia vidole vinavyopiga karibu na kichwa, lakini huku kwenye maungio ya tumbo hakitabadilisha kitu cha maana. Shingo iliyokwisha kuvutwa mbele na nyuzi hutakiwa kung'olewa na kufungwa upya, na kazi hiyo, hata ukimpata wa kuifanya, inaweza kukugharimu zaidi ya udi wenyewe. Muuzaji atakwambia kwamba nyuzi zitashuka zikizoea. Hazitashuka, zitazidi kupanda, kwa maana mvuto wa nyuzi haupumziki usiku wala mchana.

Udi hauna vigawanyo shingoni vya kumwonyesha mtu mahali pa kuweka kidole, na hapo ndipo uzuri wake na ugumu wake vinapotoka, kwa kuwa zile sauti za Rast na Bayati, ngazi za muziki wa Kiarabu, ambazo hazimo kwenye kinanda hupatikana kwa kidole na sikio tu. Sasa fikiria mtu anayefundisha sikio lake kwenye ala ambayo nyuzi zake ziko juu mno: kila anapokandamiza, uzi hunyooka, na sauti hupanda kuliko ilivyopaswa. Kesho atakandamiza kwa nguvu tofauti na sauti itatoka tofauti. Hataweza kamwe kujua kama kosa ni la kidole chake au la mti. Huko si kujifunza, na hakuna subira wala kipaji kinachoweza kumwokoa.

Kuna kipimo kingine kizuri cha shingo ambacho hakihitaji rula. Udi wa kawaida hutengenezwa ili shingo iwe theluthi moja ya urefu wa uzi unaolia, kwa hiyo uzi ukikandamizwa kwenye maungio ya tumbo hutoa sauti ya tano kutoka ile ya uzi ulio wazi, yaani usiokandamizwa. Nyuzi zikiwa zimewekwa kwa mpango wa Kiarabu, yaani kutoka chini Do, Fa, La, Re, Sol, Do, kandamiza Sol kwenye maungio, kisha piga Re ikiwa wazi. Sauti mbili hizo zinatakiwa kuwa Re na Re, moja juu ya nyingine kwa oktava kamili. Fanya vivyo hivyo kwa Do ya juu na Sol. Zikipishana kidogo, udi bado unapigika, kwani kidole kitajifunza mahali pake. Zikipishana sana, aliyeutengeneza aliweka daraja kwa kukisia, na ningeuacha hapo hapo dukani.

Vigingi ni jambo la pili. Udi wa kawaida una nyuzi 11, jozi 5 na uzi mmoja wa besi, na kila uzi una kigingi chake kinachoshikiliwa na msuguano peke yake. Kigingi na tundu lake vinapaswa kuwa na mwinamo mmoja, ili kigingi kiguse mti pande zote mbili za kichwa. Katika ala za bei ndogo kigingi mara nyingi hugusa upande mmoja tu, ndiyo maana huruka au huteleza. Zungusha kila kimoja, usiruke hata kimoja, hata kama muuzaji ananuna. Tofauti na shingo, kosa hili linatibika. Kigingi kinachoteleza kidogo hutulia kikipakwa chaki, na kinachokwama hulainika kikipakwa sabuni kavu; kilichochongwa vibaya hubadilishwa. Hapa sisi watu wa Tanzania tuna neema ambayo hatuitumii: mpingo wetu wa kusini husafirishwa nje kutengenezewa klarineti zinazosifiwa dunia nzima, na ni mti mgumu, mzito, usiolika haraka, unaofaa kabisa kwa vigingi. Fundi wa kuchonga mwenye mashine ya kukereza na kigingi kimoja kizuri cha mfano anaweza kukupa seti nzima, na udi uliokuwa ukikutesa ukageuka kuwa ala unayoweza kuiamini.

Ukubwa nao uangaliwe. Udi wa Kiarabu kwa kawaida una uzi wa sentimita 61 hivi, na wa Kituruki 58.5. Mwenye vidole vifupi atastarehe zaidi na wa Kituruki, na nyingi za zinazotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi hutoka huko Uturuki zikiwa za kawaida, bila mapambo, lakini zimenyooka. Jihadhari tu na nyuzi: nyuzi zilizopimwa kwa udi mrefu na sauti za Kiarabu zikifungwa kwenye udi mfupi kwa sauti zile zile hulegea na kuvuma bila nguvu, na watu wengi huulaumu mti kwa kosa la nyuzi.

Mapambo hayana sauti. Idadi ya vipande vilivyounganishwa kutengeneza tumbo haikuongezei chochote cha kusikika, wala rangi ya varnishi inayong'aa haisaidii; ikipakwa nzito juu ya uso huuzima mlio.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba udi wa fundi mkubwa una mlio ambao huu wa bei nafuu hautaufikia. Ukiwahi kusikia upigaji wa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyeishi na kupiga Mombasa, unajua jinsi uzi mmoja wa besi unavyoweza kujaza chumba. Nakubali pia kwamba mtu anayelenga jukwaa atauhitaji udi bora mapema kuliko mwingine. Lakini mlio ni jambo ambalo mpigaji hulifikia polepole, na mwenye kupiga nyimbo tatu jioni kwa ajili ya mama yake na jirani zake hapungukiwi na kitu ikiwa besi yake ni nyembamba kidogo. Anapungukiwa sana ikiwa nyuzi haziwezi kukandamizwa.

Kabla hujaagiza chochote kutoka nje, uliza nyumba za wazee. Mjini Zanzibar, Lamu, Mombasa na Tanga kuna udi uliowekwa juu ya kabati tangu mwenyewe afariki, na familia haijui la kuufanyia. Nenda kwa adabu, usiende kwa tamaa, na uwape bei ya haki. Ufa mdogo kwenye uso usikutishe, wala kipande cha tumbo kilichoachia gundi, kwa kuwa hayo hurekebishwa kwa kazi ya siku moja au mbili. Gonga tumbo zima taratibu kwa kidole usikilize panapotetemeka, kisha weka jicho upande wa kichwa utazame shingo kama imenyooka. Shingo ikiwa imepinda, shukuru na uwaachie.

Hali ya hewa yetu haiuhurumii udi. Gundi ya ngozi inayotumiwa na mafundi wengi wa jadi hulegea kwa joto na unyevu, kwa hiyo usiuache ndani ya gari lililoegeshwa juani hata kwa muda wa kuingia dukani na kutoka, wala usiutundike mbele ya kiyoyozi kinachoukausha mchana halafu kikazimwa usiku. Mfuko mnene na mahali pa kivuli vinatosha. Ukisafiri nao kwa ndege, legeza nyuzi kwa sauti mbili au tatu, usizilegeze kabisa.

Kwa bei nilizoziona, udi wa mwanafunzi huanza karibu dola 200 kabla ya usafiri na ushuru, na mtu mwenye dola 300 mkononi hujaribiwa kuzimaliza zote kwenye ala yenyewe. Ningemsihi asifanye hivyo. Anunue wa kawaida ulionyooka shingo, kisha fedha inayobaki aigawe kati ya fundi wa kuweka sawa vigingi na seti mbili za nyuzi mpya zenye urefu unaolingana na udi wake, kwa sababu nyuzi zinazokuja na ala za bei ndogo mara nyingi zimekwisha kufa kabla hazijafika bandarini. Risha ya kupigia nyuzi, ya plastiki laini, ni bei ya chai, na wapo wanaoikata wenyewe kutoka kwenye chupa ya maji. Fundi afanye kazi yake kabla ya somo la kwanza. Yeyote miongoni mwetu anayejua kupima maungio ya shingo afuatane na kijana hadi dukani, amsimamie, azungushe vigingi vyote 11 mbele ya muuzaji, na asikubali kuharakishwa.