Kadi au Hirizi?

Kamati ya harusi ya dada yangu ilipogawana kazi, mimi niliangukiwa na kadi za michango, kwa hoja ya baba mdogo, mwenyekiti wetu, kwamba kijana anayeshinda kwenye kompyuta hawezi kushindwa na majina ya wageni. Kadi ilikuwa imekwisha kuchorwa, faili la PDF la ukubwa wa A5, na orodha ilikuwa ndefu. Kwa hiyo niliandika programu fupi kwa Python ya kubandika kila jina kwenye mstari wa nukta na kuhifadhi nakala yake.

Baba mdogo alipima mwenyewe kwa rula: mstari uko sentimita 6 kutoka juu, yaani pointi 170, kwa kuwa inchi moja ya PDF ni pointi 72. Ila PDF haianzii juu kama tusomavyo sisi; huanzia pembe ya chini kushoto na kupanda. Jina la kwanza likatua juu ya namba ya simu ya mweka hazina, likaifunika. Kadi ya mchango isiyoonyesha pa kutuma mchango! Mweka hazina hakucheka.

Urefu wa ukurasa ni pointi 595. Ukitoa 170 unabaki na 425, na majina yakakaa vizuri. Jioni tarehe ya sherehe ikabadilishwa, na mchoraji akaleta faili jipya lililotoka kwenye programu nyingine, ambayo mwanzoni mwa ukurasa huandika agizo la kupindua mhimili wa wima, kisha hairudishi kitu mahali pake. Maagizo yangu, yakija mwishoni, yakarithi ukurasa uliopinduka. Jina likatokea kichwa chini, herufi zimegeuka kama zinazotazamwa kwenye maji, nalo limekaa wapi? Juu ya namba ile ile ya mweka hazina. Baba mdogo aliizungusha kadi huku na huku, akavua miwani, akauliza: "Mwanangu, hii ni kadi au hirizi?"

Dawa ilikuwa kuyafungia maagizo ya mchoraji kati ya herufi mbili, q mwanzoni (hifadhi hali ya ukurasa) na Q mwishoni (irudishe), ili mapinduzi yake yaishie humo humo. Kadi zikatumwa kwa WhatsApp usiku huo.

Asubuhi akapiga simu mzee mmoja anayeheshimika sana mtaani. Maandishi yanayobandikwa hivi hayashuki mstari wa pili yakizidi nafasi. Hupitiliza nje ya karatasi. Kwenye kadi yake paliandikwa "Mheshimiwa Diwani Mstaafu Alhaji", basi, jina halipo.

"Vyeo vyangu vimealikwa, mimi sijaalikwa," alisema. "Sasa mwambieni huyo Diwani Mstaafu atoe mchango."

Niliiongezea programu hatua ya kupima upana wa jina na kupunguza ukubwa wa herufi hadi litoshe, nikamtumia kadi mpya yenye vyeo vyote pamoja na majina yake matatu. Alijibu kwamba ameisoma kwa kukuza skrini, kisha akatuma mchango ambao mweka hazina anashikilia kwamba ulilingana na ukubwa wa herufi.