Chenji ya rada, nikiitazama kutoka Bremen

Huu ni mwaka wa tisa niko Bremen, na bado kuna jambo moja la Wajerumani ninalolitamani kwetu. Wizara yao ya Ulinzi haiwezi kusaini mkataba wa zaidi ya yuro milioni 25 mpaka kamati ya bajeti ya Bunge iupitishe, mmoja mmoja. Nyambizi, helikopta, risasi, vyote hupita kwa wabunge, na sisi walipa kodi tunasoma bei magazetini.

Sisemi wametuzidi akili. Walibana matumizi ya jeshi miaka mingi, hata Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022 wakajikuta na ndege na vifaru vingi visivyotoka gereji. Ikabidi warekebishe katiba ili wakope yuro bilioni 100 kwa mkupuo. Ulinzi ukiunyima leo, kesho unaulipia mara mbili.

Sisi wa Kagera hilo tunalijua. Amin alipovuka mpaka mwaka 1978, nani aliuliza bei? Baba yangu mdogo alikwenda vitani, akarudi. Mwalimu akatuomba tufunge mikanda miezi 18. Tukafunga, na miezi ile ikageuka miaka. Sijawahi kumsikia mzee wa kwetu akisema tusingepigana.

Ndiyo maana rada inaniuma. Mwaka 2001, nchi ikiwa katika kusamehewa madeni, tulinunua rada ya kijeshi kwa pauni milioni 28, na wataalamu wa usafiri wa anga wakasema ni ghali na haitufai. Mwaka 2010 BAE Systems, waliotuuzia, wakakiri mahakamani London kwamba hawakutunza hesabu za biashara ile ipasavyo, na wakakubali kutulipa pauni milioni 29.5. Zikanunua vitabu na madawati. Tukaziita chenji ya rada na tukafurahi. Mimi furaha yangu haikukamilika, kwa sababu kazi ya kuihoji biashara ile ilikuwa ya wabunge wetu, kabla wino wa saini haujakauka.

Najua jibu: siri ya jeshi. Mzinga umefichwa wapi, hiyo ni siri, na nitaitetea. Lakini bei yake, wakala aliyelipwa katikati, na sababu ya kuchagua huo badala ya mwingine, adui hapati kitu hapo. Kila bajeti ya Wizara ya Ulinzi ikisomwa Dodoma huwa nasikiliza hadi mwisho, nikingoja mbunge mmoja aulize hayo matatu.