Mvua ya Bukoba kabla ya mvua ya Bergen

Mwanafunzi anayesomea shahada ya hali ya hewa katika ukanda wetu anaweza kufika mwaka wa pili akiwa anaeleza mvua ya Bergen, kule Norwei, kwa ufasaha kuliko mvua ya Bukoba. Hilo linaniuma, na ndilo lililonisukuma kuandika.

Sikidharau kilichogunduliwa Bergen. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Vilhelm Bjerknes na vijana aliowakusanya pale, akiwamo mwanawe Jacob, walionyesha jinsi hewa baridi itokayo kaskazini inavyokutana na hewa vuguvugu itokayo kusini, na jinsi mvua inavyoanguka kandokando ya mpaka wa hewa hizo mbili. Utabiri wa Ulaya na Marekani ulijengwa juu ya kazi ile, na vitabu vikuu vya fani hii vikaandikwa na watu wanaoishi chini ya anga hilo. Ndiyo maana sura za mwanzo huwa za kwao, na tropiki, yaani ukanda wa joto ulio kandokando ya ikweta, hupewa sura moja au mbili mwishoni, pale muhula unapokaribia kwisha na mhadhiri anakimbizana na mtihani.

Lakini anga la Bukoba halifanyi kazi kama la Bergen. Dunia inapojizungusha, upepo unaosafiri masafa marefu hupinda. Nguvu inayoupinda, yaani ya Koriolisi, ni kubwa kabisa kwenye ncha za dunia na ni sifuri kwenye ikweta. Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi 6.8 kusini, ina takriban asilimia 15 tu ya nguvu iliyopo London. Mtabiri wa London akitazama ramani yenye mistari ya mgandamizo, inayounganisha mahali penye mgandamizo sawa wa hewa, anausoma upepo papo hapo: unakwenda sambamba na mistari, na mistari inapokaribiana upepo ni mkali. Kanuni hiyo ukiileta Kisumu au Bukoba itakupotosha. Huku tofauti za mgandamizo kati ya mji na mji ni ndogo mno, joto linakaribiana katika eneo kubwa, na hakuna hewa ya baridi kali ya kugongana na hewa vuguvugu. Mvua yetu inatokana zaidi na hewa yenye unyevu kupaa juu: ardhi inapopata joto mchana, mlima unapoizuia njia, au pepo mbili zinapokutana.

Udogo wa nguvu ya Koriolisi ndio pia unaotukinga na vimbunga, kwa kuwa ni nadra kimbunga kuzaliwa ndani ya nyuzi tano za ikweta. Mwanafunzi akiishia hapo, anatoka chuoni akiamini kwamba Tanzania haina vimbunga. Aulize Zanzibar ya Aprili 1872, ambako kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja kiasi kwamba kitovu cha karafuu kikahamia Pemba. Aulize Lindi ya Aprili 1952. Aulize Mafia ya Mei 2024, kilipotua Kimbunga Hidaya. Kanuni ni ya kweli, lakini mtu wa pwani ya kusini anahitaji mtaalamu anayejua mahali inapokoma.

Kama ningepewa wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, ningeifundisha kwa Ziwa Victoria. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na alasiri mawingu ya radi hupanda juu ya vilima. Usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa, pepo za kutoka pande zote za mwambao huelekea ziwani, zinakutana katikati, na radi hupiga juu ya maji kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Pepo za mashariki nazo huisukuma mvua hiyo upande wa magharibi, na hii ni sababu kubwa ya Bukoba kupata takriban maradufu ya mvua ya Mwanza ilhali miji yote miwili imekaa kando ya ziwa lilelile.

Sasa fikiria ni nani anayekuwa ziwani saa hizo. Ni wavuvi wa dagaa, wanaoingia na taa zao katika usiku wa giza, katika mitumbwi midogo, wakati uleule ambao fizikia ya ziwa inatengeneza dhoruba. Mwanafunzi akiambiwa hayo wiki ya kwanza, ataingia kwenye hesabu za mwaka wa pili akiwa na swali lake mwenyewe. Atataka kujua kwa nini hewa hupaa, kwa nini wingu moja linaishia juu kidogo na jingine linafika kilomita 15, na kama upo uwezekano wa kumwonya mvuvi saa mbili kabla. Hesabu hazitakuwa nyepesi, ila atajua anazisoma kwa ajili ya nani.

Na hesabu hazikwepeki. Hili nawaambia wote wanaojaza fomu za udahili, hasa waliosoma PCM na PGM (fizikia na hisabati, pamoja na kemia au jiografia), kwa sababu wapo wanaoichagua kozi hii wakidhani ni jiografia yenye jina jipya. Ni shahada ya fizikia na hisabati inayotumika kwenye hewa. Kuna kalkulasi, kuna vekta, kuna milinganyo tofautishi, kuna themodainamiki, kuna mwendo wa viowevu, na siku hizi kuna kuandika programu kwa Python au R karibu kila muhula. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeweka mtaala wa msingi ambao mtu lazima awe ameumaliza ndipo atambulike kimataifa kuwa mtaalamu kamili wa hali ya hewa, na hakuna chuo kinachoweza kuupunguza ili kuwapendeza wanafunzi. Kama hisabati inakuchosha kabisa, tafuta fani nyingine bila aibu yoyote. Kama inakupa shida lakini unaipenda, njoo.

Usiwadharau pia wapimaji. Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa kilichopo Kigoma hufundisha watu wa cheti na stashahada, na wao na wenzao vituoni ndio wanaosoma kipimamvua saa tatu asubuhi, wanaokadiria mawingu kwa sehemu nane za anga, wanaorusha puto kwa ajili ya vipimo vya saa tisa usiku na saa tisa alasiri, saa zilezile ambazo dunia nzima imekubaliana kupima. Bila daftari lao, mwenye shahada hana cha kutabiria. Ningependa kila mwanafunzi wa shahada akae kituoni wiki kadhaa, zamu ya usiku ikiwamo, kabla hajaanza kuzungumzia modeli, yaani programu za kompyuta zinazokokotoa hali ya anga.

Eneo lingine ambalo mtaala wetu ungepaswa kulishika kwa mikono miwili ni msimu wa vuli. Vuli ya mwaka 1961, ileile ambayo Tanganyika ilipata Uhuru, ilileta mvua kubwa ajabu Afrika Mashariki. Ziwa Victoria likaanza kupanda, na kufikia 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya meta mbili. Mwaka ule hapakuwa na El Niño, yaani lile ongezeko la joto la maji ya Bahari ya Pasifiki ambalo mara nyingi hulaumiwa kwa mvua kubwa za kwetu. Ilibidi kusubiri hadi 1999, wakati Saji, Yamagata na wenzao walipoeleza Dipoli ya Bahari ya Hindi: kuna miaka ambayo maji ya upande wetu wa bahari yanakuwa ya joto kuliko kawaida na ya upande wa Sumatra yanakuwa ya baridi, na mvua inahamia kwetu. Mwaka 1997 Dipoli na El Niño vilikuja pamoja, na wengi bado wanakumbuka barabara zilivyokatika. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kali, watu wakajiandaa kwa marudio ya 1997, lakini Dipoli ilikuwa dhaifu na mvua ya vuli haikufikia hofu ile. Mwaka 2019 Dipoli peke yake ilitosha kuleta mafuriko. Mwaka 2023 vyote viwili vilikuwapo tena, na tarehe 3 Desemba tope likaporomoka kutoka Mlima Hanang' likafunika sehemu ya mji wa Katesh.

Mhitimu asiyeweza kueleza tofauti ya miaka hiyo bila kufungua daftari, kwa maoni yangu, bado hajawa mtabiri wa Afrika Mashariki, hata awe na alama A katika mipaka ya hewa ya Norwei. Nasema hivyo nikijua kwamba mitihani mingi haimuulizi.

Tena si kweli kwamba sayansi ya tropiki ni changa kiasi cha kukosa cha kufundisha. Mwaka 1969 John Findlater alichapisha maelezo ya mkondo mkali wa upepo wa chini unaovuka ikweta kupitia mashariki ya Kenya wakati wa kusi, ukaendelea Somalia na kuvuka bahari hadi India, ukibeba sehemu kubwa ya unyevu wa mvua za huko. Wataalamu duniani wanauita kwa jina lake hadi leo. Mabaharia wa Lamu, Mombasa na Zanzibar waliutumia upepo wa kusi karne nyingi kabla yake. Hesabu za kueleza kwa nini upepo huo unabanana kandokando ya nyanda za juu ni nzuri kuliko mifano mingi tunayoagiza kutoka nje, na unaanzia mlangoni kwetu. Kule magharibi ya Kenya, watu wa ukoo wa Nganyi, wanaojulikana kwa kusoma dalili za mvua kwenye miti na wadudu, wamekaa meza moja na watabiri wa idara ya hali ya hewa na kulinganisha matarajio ya msimu. Huo nao ni mfano wa kufundishia, kwa heshima na kwa kupima.

Kuna jambo jipya ambalo vijana wananiuliza sana: akili unde imeanza kutabiri, je, shahada hii itabaki na maana? Modeli kama GraphCast ya mwaka 2023 kweli zinatoa utabiri wa siku kumi kwa dakika chache, na vituo vikubwa vya Ulaya vimeanza kuzitumia. Swali langu ni: zimejifunza kutoka wapi? Zimefundishwa kwa kumbukumbu za anga la dunia nzima, ambazo zenyewe zimeundwa kwa kuchanganya vipimo na modeli za kompyuta. Ulaya vipimo ni vingi. Sehemu kubwa ya Afrika vituo vya ardhini na vya maputo vimetawanyika mno, kwa hiyo kilichopo kwenye kumbukumbu hizo, mbali na kile setilaiti inachokiona, kwa kiasi kikubwa ni makadirio ya modeli. Mashine imejifunza makadirio yale. Hapa kwetu mtu anayejua lini modeli inasema kweli na lini inakisia atahitajika zaidi, wala si kidogo, na mtu huyo hapatikani kwa kozi ya wiki mbili.

Kuhusu ajira nitasema machache. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na idara za nchi jirani haziwezi kumchukua kila mhitimu. Lakini viwanja vya ndege, mabwawa ya umeme, bima ya mazao, miradi ya umwagiliaji na kituo cha ICPAC kilichopo Kenya, kinachotoa utabiri wa misimu kwa nchi za kanda yetu, vyote vinahitaji mtu anayeweza kuchakata takwimu na kuzieleza. Aliyejifunza kuchora ramani tu atahangaika. Aliyejifunza kuhoji takwimu ana mlango.

Kuzieleza ni kazi ya pekee, nayo hatuifundishi vya kutosha. Taarifa ya msimu ikisema mvua zitakuwa "za wastani hadi juu ya wastani", mtaalamu anajua kwamba miaka iliyopita imegawanywa mafungu matatu, na kwamba hiyo ni kauli ya uwezekano. Mkulima wa Dodoma anataka kujua apande uwele au mahindi. Kati ya hao wawili pana kazi ya kufanywa, na ingefaa kila mwanafunzi apimwe kwayo: aandike taarifa ya Kiswahili, aisome mbele ya wakulima au wavuvi, aulizwe maswali, na apewe alama kwa majibu yake.

Wahadhiri mnaosoma hapa, hakuna haja ya kungoja mtaala mpya upite kwenye vikao vyote. Mnaweza kubadilisha mpangilio wa mihadhara muhula huu huu: tropiki iwe mwanzo, latitudo za kati, yaani ukanda wa akina Bergen na London, zifuate. Miradi ya mwaka wa mwisho igawiwe kwa vituo, mwanafunzi mmoja kituo kimoja, aanze na madaftari ya zamani ambayo bado yapo kwenye karatasi, ayaingize kwenye kompyuta, ayakague, kisha aulize swali lake juu yake. Na wanaoshika takwimu za mvua wawape wanafunzi hao bila malipo, kwa sababu mradi mmoja wa namna hiyo kutoka Musoma au Songea utaisaidia nchi kuliko nakala ya ishirini ya uchambuzi uleule uliofanywa kwa takwimu za kupakua kwenye intaneti.